Harufu Ambayo Sikuisikia

Ghorofa ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Salamu hizi zikukute umekaa, miguu umeinyoosha, na chai iko karibu. Goti lako linasemaje tangu waanze kulichoma sindano? Na shemeji, kile kikohozi chake cha asubuhi kimemwachia au bado wanaamka pamoja? Watoto nao hawajambo? Waambie mama yao mdogo huwawaza kila siku saa sita, anapowaona watoto wa shule wamepanga foleni na sahani zao.

Huku tu wazima kiasi. Shemeji yako ni mzima, amenenepa hata mkanda wake umeongezwa tundu. Hiyo "kiasi" ni yangu mimi, na ndiyo sababu ya barua hii kuwa ndefu. Nakuomba uisome ukiwa peke yako.

Barua yako ya mwezi wa kwanza niliipata. Uliniambia unawasomea wenzako kazini yale ninayoandika juu ya mikahawa ya wageni tunayozungukia, na kwamba wanakuuliza kila siku kama mdogo wako ameshaandika. Dada, maneno hayo yalinichoma. Karibu yote niliyokuandikia juu ya ladha za vyakula vile tangu mwaka jana ni uongo.

Kwenda tulikwenda kweli. Sisi ni wale wale watatu: mimi, Mshonaji wa chumba cha chini, na Kijiko, yule karani wa mahakama anayetembea na kijiko chake mkobani kwa kutoamini vijiko vya watu. Kila Jumamosi ya pili ya mwezi, mchana, tunachagua mkahawa ambao wageni wenyewe wanapika na wenyewe wanakula. Kijiko ana sheria zake. Kibao cha mlangoni kikisomeka, hatuingii. Akiwemo babu wa kwao anakula kimyakimya bila kuinua kichwa, tunaingia.

Ile supu nyekundu kama wino ya watu wa nchi za baridi, niliyokuandikia kuwa ina uchachu wa matunda yaliyosahaulika kabatini, hayo ni maneno ya Kijiko. Mimi nilikunywa maji ya moto yenye rangi. Ule mkate wa watu wa milimani niliousifu kuwa unanukia moshi, ni Mshonaji aliyesema hivyo, nami nikaenda chooni kuandika kwenye karatasi nisije nikasahau. Mimi sisikii harufu, Dada. Pua imezimika. Nikitia kitu mdomoni najua ni cha moto au cha baridi, kigumu au laini, na kwa mbali chumvi. Basi.

Utauliza kwa nini nilificha. Wewe unaijua kazi yangu. Mpishi asiyesikia harufu ni kama dereva asiyeona. Pale shuleni tuna majiko matatu makubwa ya gesi na mitungi yake imejipanga ukutani, na mimi ndiye ninayefika wa kwanza kuyawasha. Kwa miezi saba, kila asubuhi nilifungua madirisha yote, nikasimama katikati ya jiko na kibiriti mkononi, nikahesabu mpaka mia mbili. Kisha nilipiga magoti na kutega sikio kwenye kila mtungi kama mtu anayesikiliza ukutani mambo ya jirani. Nikishawasha, niliificha mikono kwenye aproni mpaka wenzangu walipoanza kunisimulia habari za usiku. Chumvi nilimwambia mwenzangu aonje, eti mimi nina kidonda cha ulimi. Kidonda gani hicho cha miezi saba? Hakuna aliyeuliza, nami nikajifanya hamnazo.

Sasa nikusimulie yaliyotokea Jumamosi ya pili ya mwezi uliopita.

Tulikwenda kwa watu ambao hupikia mezani. Chumba chao kiko juu ya duka la viatu, unapanda ngazi nyembamba, na siku hiyo kulikuwa na mvua ya upepo kwa hiyo madirisha yalikuwa yamefungwa. Kila meza ina tundu katikati, na jiko dogo limekaa ndani ya tundu hilo. Chini yake kuna mtungi. Mwenye mkahawa ni mama wa makamo, nywele amezibana kwa kalamu. Alituletea sufuria ya supu, nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi, na lundo la majani. Akafungulia gesi, akabofya kiwashio, hakikushika. Akabofya tena na tena. Mtu akamwita kutoka nyuma, akatuonyesha kidole kimoja, yaani tumngoje, akaondoka. Kufunga gesi akasahau.

Kijiko na Mshonaji walikuwa wamekwenda kunawa. Nimebaki peke yangu. Meza ya pili alikaa baba mmoja na mtoto mchanga begani. Nikaona ngoja nimsaidie yule mama. Mpishi hawezi kukaa mbele ya jiko ambalo halijawashwa, ni kama mwalimu kukaa mbele ya ubao mchafu. Kibiriti changu kiko mkobani siku zote. Nikakitoa, nikachukua njiti, nikainamia lile tundu ili nione vizuri.

Kijiko hakupiga kelele. Nilichokisikia ni kiti kuanguka, kisha mkono wake wenye maji ukaufumbata wangu na kuubana, njiti na vyote, mpaka ile njiti ikavunjika kabla sijaiwasha, kipande kikanichoma kiganjani.

"Husikii?" akaniuliza, sauti ya chini kabisa.

"Nisikie nini?"

Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo maishani mwangu. Nyuma yake Mshonaji ameziba pua kwa kitambaa, macho yanamtoka machozi. Yule baba ameshasimama na mtoto wake. Mama mwenye mkahawa akaja mbio, akajitupa chini ya meza kufunga mtungi, akafungua madirisha moja baada ya jingine huku akisema maneno ya kwao. Sikuelewa hata moja, ila nilielewa kuwa analia.

Tulishuka sote mpaka barabarani, tukasimama kwenye mvua. Mshonaji alitapika kando ya ngazi za duka la viatu kwa ile harufu. Mimi nilivuta pumzi kwa nguvu zote nilizojaliwa, Dada, nikitafuta hata chembe yake. Hakuna kitu. Hewa tupu. Yule mtoto alikuwa ananitazama kutoka begani kwa baba yake, ananyonya ngumi, nami nikakaa chini kwenye maji.

"Tangu lini?" Mshonaji akauliza.

Nikayamwaga yote. Mshonaji alinishika bega na kusema kile wanachosema wakubwa, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kijiko hakunishika. Alikuwa amefunga mikono kifuani na mvua inamtiririka usoni.

"Watoto mia nne," akasema. "Jumatatu utamwambia Mwalimu Mkuu. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Jumapili nzima sikula wala sikulala. Niliogopa kufukuzwa, ndiyo, lakini kulikuwa na woga mwingine chini ya huo. Kila nikifumba macho naliona jiko la shule, na mlango wa bwalo uko wazi, na watoto wako ndani.

Jumatatu nilimfuata Mwalimu Mkuu ofisini saa mbili. Nilimweleza nimesimama, macho yangu kwenye kalenda ya ukutani. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa.

"Na asubuhi ya leo," akauliza, "majiko kawasha nani?"

"Mimi."

Alitazama saa yake ya mkononi. Halafu akasema niache majiko saa ile ile. Hakunifukuza. Nachambua maharage, namenya vitunguu, napakua. Mwenzangu ndiye anayewasha, na majiko yanapowashwa mimi natoka nje nasimama karibu na bomba la maji, kama mtoto anayeogopa baruti. Kazi yangu ya kudumu itaamuliwa na barua ya daktari.

Kwa daktari nilikwenda. Alinifumba macho, akanipitishia vichupa puani: kahawa, karafuu, sabuni, na kingine alichosema wengi hukikimbia. Sikukikimbia. Akaniambia yawezekana ni ile homa ya mafua iliyonilaza mwaka jana, kwamba huwatokea wengi, na pua huweza kurudi taratibu. Wamenipiga picha ya kichwa. Majibu ni Alhamisi, tarehe 27.

Kisha akauliza, huku anaandika, kama mtu anayeuliza anwani: "Kwenu kuna aliyepoteza harufu kabla ya uzee? Kuna aliyepoteza kumbukumbu?"

Nikasema hakuna.

Dada, hapo ndipo nilipo. Uongo huo wenzangu hawaujui, mume wangu naye haujui. Nakuandikia wewe kwa sababu ni wewe uliyemuuguza Mama mpaka mwisho, mimi nikiwa huku mbali natuma salamu. Mimi ninachokumbuka ni ile ziara yangu, alipounguza wali ukawa mkaa, naye amekaa pale pale jikoni kwenye moshi anafumua mshono wa gauni, akaniuliza kwa nini macho yangu yana machozi. Tulicheka. Mimi na wewe tulishikana mbavu, unakumbuka? Baada ya miaka miwili aliniita kwa jina la mama yake.

Siku ya ule wali alikuwa na miaka hamsini na moja. Mimi natimiza arobaini na tisa mwezi wa sita.

Daktari anasema ni mafua. Ila mafua yalinishika mwezi wa nane, na maharage ya shule niliyaunguza mara ya kwanza mwezi wa tano. Hilo sikumwambia. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia ukutani.

Tangu siku ile najichunguza kama polisi. Nahesabu ngazi za nyumba nikipanda na nikishuka. Nawataja watoto wa darasa la kwanza mmoja mmoja nikiwa napakua. Juzi funguo zilinipotea, nikakaa chini sakafuni nikashindwa kuinuka, na shemeji yako akanicheka akasema kila mtu hupoteza funguo. Zilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Yeye alisahau baada ya dakika moja. Mimi hata sasa nazigusa.

Jana tulikwenda tena, sisi watatu. Nilidhani Kijiko hatakuja. Alikuja, na kabla hatujaketi alikwenda mpaka mlango wa jikoni kwao, akasimama akanusa, akarudi akasema, "Kaa." Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu mvua ile. Wenyeji wetu walituletea samaki waliofungwa kwenye majani. Kijiko alikionja chakula changu kwanza, akafikiri, akaniambia ni kichungu mwanzoni halafu kinageuka. Kinageuka kuwa nini, hakujua kusema. Nilikula chote. Lakini jicho langu halikutoka kwenye mshumaa wa meza ya jirani.

Tarehe 27 nimeazimia kumwambia daktari habari za Mama. Nataka nimpe ukweli wenyewe, si ninaoukumbuka nusunusu. Kwa hiyo niandikie. Mama alianzaje? Alianza kusahau, au alianza na pua? Ule wali ulikuwa wa kwanza, au kulikuwa na mwingine mliokula mkanyamaza? Usinipoze, Dada. Nimejipoza mwenyewe miezi saba na nusura niwaue watu.

Msalimie sana shemeji, na umwambie aache kulala na dirisha wazi. Wasalimie wanao wote wawili, yule mrefu na yule msemaji. Msalimie Bibi wa mlango wa pili aliyekufundisha kusuka, na Mjomba Kofia akipita kwenu. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akulinde uamkapo na ulalapo, asikuonyeshe ninayoyaona mimi.

Na jambo moja, nalo ndilo lililonikalisha hapa tangu asubuhi nikichana karatasi. Mimi na wewe tumetoka tumbo moja, na wewe umenitangulia miaka mitatu. Kabla hujanijibu, nenda jikoni. Chukua kitunguu ukikate katikati, ufumbe macho, ukilete puani. Kisha uniandikie umesikia nini.

Nakungoja kwa hofu na kwa mapenzi,

Mdogo wako akupendaye.