Nyumba Tusiyoruhusiwa Kuigusa

Duluth, tarehe 9 Juni

Mpenzi Joanie,

Salamu nyingi, shoga yangu. Natumaini mguu wako umepona na mama hajambo. Huku sote wazima. Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine: juzi nilimkana Shangazi Solveig mbele ya mwanasheria, na tangu siku hiyo nina furaha isiyo kifani.

Unajua Shangazi ndiye aliyenilea tangu Baba afariki. Sasa amenunua nyumba ndogo ya kupangisha kwa akiba yake ya uzeeni, akaunti maalumu ambayo mwenye nayo huamua mwenyewe fedha zake zinunue nini. Masharti ni makali. Nyumba ni mali ya akaunti, si yake. Yeye, wazazi wake na watoto wake hawaruhusiwi kulala humo wala kugongelea hata msumari. Kila kazi ni ya fundi anayelipwa na akaunti. Wakikosea, akaunti inavunjwa na akiba yote inatozwa kodi kwa mkupuo. Ndiyo maana Shangazi akienda kuikagua hutia mikono mfukoni, na jirani, Bwana Haugen, humtania: "Solveig, hata kitasa unakiogopa?"

Basi mimi, kwa kutaka kumfurahisha, nilichukua ufunguo kimyakimya nikapaka jiko lote rangi ya manjano kabla mpangaji hajaingia. Alipoliona, Shangazi aliketi sakafuni. Alisema miaka thelathini ya kuendesha basi la shule imekwenda na ndoo moja ya rangi. Lakini hakunigombeza.

Tulikwenda kwa mwanasheria, mama mmoja wa makamo. Akauliza kama mimi ni mtoto wake. Shangazi alijua jibu lingemponza, lakini hakusita: "Ni mwanangu. Andika hivyo." Joanie, mimi niliyekuwa nashindwa hata kuitikia jina darasani, nikasema kwa sauti kwamba hapana, mimi ni mtoto wa kaka yake, na kwamba hakuwahi kuniasili kisheria. Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. Mtoto wa kaka hayumo kabisa kati ya waliokatazwa! Akiba ni salama, ingawa alituonya tusirudie.

Garini Shangazi akajifanya kununa: "Mtoto gani wewe, unanikana mchana kweupe?" Kisha akaniambia kwamba fomu za kuniasili anazo kabatini mwaka mzima, ila aliona haya kuniuliza kwa kuwa nimeshakua. Nikitia sahihi nitakuwa mwanawe kisheria, na brashi yangu haitaingia tena nyumba ile. Akasema nisimjibu upesi, nifikirie kwanza.

Nimeshafikiri; hata kabla hatujafika kwenye taa za barabarani, jibu lilikuwa ndiyo. Nitamjibu Jumapili kwenye chakula cha kanisani, nikiwa nimesimama mbele ya watu wote, mimi huyu huyu.

Nisalimie mama na wadogo zako, na uutunze mguu. Ila hadi Jumapili, Joanie, nakusihi, usimwambie mtu yeyote.

Akupendaye,
Britta