Hesabu Nisiyoitilia Sahihi

Kwako Baba,

U mzima? Magoti yanasemaje na baridi ya hapo Kiganjo, na ile mashine ya kusaga bado inakutii? Mimi nina afya, na nina hasira.

Najua mdogo wangu Kamau ameshakwambia. Alinipigia simu kutoka Ruiru akanikemea utadhani yeye ndiye kifungua mimba: "Siz, we saini tu! Si ni karatasi tu? Ukifutwa kazi, utarudi huku ufanye nini?"

Karatasi yenyewe ni hii. Huku Denmark kiwanda kikubwa kinataka kuunganishwa na umeme wa mji mmoja mdogo, nami kazi yangu ni kupiga hesabu kuona kama mtandao huo wa umeme utahimili. Mkubwa wangu alipima mtikiso mdogo tu, akaona umeme unatulia, akafunga faili, akataka nitie sahihi kwamba ni salama. Mimi nikapima pigo kubwa: laini moja ikikatika ghafla, jenereta zitaendelea kuzunguka pamoja? Weka gololi ndani ya bakuli, Baba. Ukiigusa kidogo, inarudi chini. Ukiipiga kwa nguvu, inaruka ukingo na hairudi tena. Hesabu zangu zinasema bakuli la mji ule lina kina kifupi mno. Kuna hospitali pale.

"Pigo kama hilo halitokei," mkubwa akaniambia.

Halitokei! Huyo hajawahi kuishi kwenye ploti yetu, wapangaji wote kwenye waya mmoja wa umeme. Wewe huwashi mashine kabla ya kugonga bati mara mbili na fundi wa kuchomelea kukujibu, ili msianze pamoja. Siku niliyojifanya mjuaji nikawasha bila kugonga, ploti nzima ilizimika, kinyozi akabaki na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Ulinizungusha mlango kwa mlango niombe radhi.

Kwa hiyo nimekataa. Nimeandika sababu zangu kurasa nne, nikawatumia hadi wenye mtandao. Ijumaa wakubwa wa kazini wataamua kama nibaki au niende. Naogopa, sikudanganyi, lakini sahihi yangu hawapati.

Nisalimie Mama, na shangazi wa Kalimoni aache kulia kabla ya msiba. Kamau mwambie simchukii, ila anyamaze.

Nawe usinibembeleze. Tangu nizaliwe unaniita Maitu, yaani mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yako. Basi leo mama yako anakwambia: jina hilo haliandikwi chini ya uongo.

Ni mimi,
Wanjiru