Mama Anataka Niseme Nilimsikia Bibi

Bi Radhiya, assalamu alaikum. Nakuandikia nikiwa maktaba ya shule kwa sababu nyumbani siwezi, na nakuomba usitaje jina langu, niite Hayat. Nina miaka kumi na sita na ninaishi Mkomani, Lamu, na mama yangu, sisi wawili tu, katika nyumba ya mawe ya bibi yangu mzaa mama, ambaye alifariki mwaka jana kabla ya Ramadhani. Baba yuko Mombasa na familia nyingine. Wewe unajua desturi ya huku, binti huolewa nyumbani kwao na mume ndiye anayehamia, kwa hivyo mama aliolewa humu humu na akanizaa humu, na hakuna aliyewahi kuuliza nyumba ni ya nani, wala mimi sikumsikia Bibi akisema mbele ya watu kwamba amempa, maana kila mtu alijua, au alidhani anajua. Lakini Mjomba Amjad, ndugu pekee wa mama, alioa mwalimu kutoka Kisii, Bi Kerubo, ambaye hana nyumba Lamu, na miaka yote wamepanga vyumba viwili Langoni na watoto wao. Sasa wageni wananunua nyumba za mtaa wetu, na Mjomba anataka yetu iuzwe wagawane, na amepeleka kesi kwa Kadhi.

Siku aliyokuja kusema hayo nilikuwa ngazini na kitabu, nikashindwa kupanda na nikashindwa kushuka. Mama alimwambia, "Mwanamume nyumba yake ni ya mkewe. Na aende Kisii akaitake huko." Mjomba akacheka, lakini si kile kicheko cha Mjomba ninachokijua, akasema, "Nibebe kitanda niabiri basi, si ndiyo, dada? Na wana niwatie mfukoni?" Mama akamjibu, "Ndia waiyua," yaani njia anaijua, akamfungulia mlango, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwetu.

Binti yake, Huwaida, tuko darasa moja, na kusema kweli ndiye rafiki yangu, sina mwingine, mimi si mtu wa kuzungumza na watu. Tulikuwa tukikaa dawati moja. Amehamia mbele. Nilipomfuata aliniambia bila kugeuka, "Mwambie mamako sisi si wageni hapa," nikarudi mahali pangu. Wakati wa mapumziko nafungua kitabu nisionekane niko peke yangu, na wakati mwingine kengele inalia sijageuza hata ukurasa mmoja. Ijumaa tulikuwa tunakula sote sinia moja na kina Mjomba, siku hizi mimi na mama tunakula na hata kijiko nasikia kinavyogonga sahani.

Sasa ndiyo shida yenyewe. Juzi mama alinipaka mafuta nywele kama nilipokuwa mdogo, nikafurahi, kisha akasema, "Wewe ndiwe uliyekuwa ukiketi na Bibi mwisho wake. Utamwambia Kadhi ulimsikia akisema nyumba ameniachia mimi." Nikamwambia sikumsikia. Akasema, "Watu wote wayua wewe husemi urongo. Watakusadiki." Bi Radhiya, Bibi hakusema lolote kuhusu nyumba. Alizungumza kuhusu meno yake, na paka wa jirani, na jinsi samaki wa siku hizi hawana ladha. Labda ni kweli alimpa mama, lakini kama alimpa, ilikuwa kabla sijazaliwa. Tukitolewa sijui tutakwenda wapi. Nikikataa, mama hana mtu mwingine duniani, na nikikubali, Huwaida atakuwa ameketi pale akinisikiliza. Nimefikiria kujifanya mgonjwa siku ya kesi. Je, ni makosa? Na kwa nini imekuwa hivi kwa kila mtu? Mwalimu Wanyama alitupa insha kuhusu nyumbani kwetu, na nusu ya darasa waliandika kuhusu kesi za nyumba za kwao.

Hayat, Mkomani

*

Hayat binti yangu, waalaikumu salaam. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimekasirika, ila si nawe.

Mamako nampa pole na lawama kwa pamoja. Anaogopa kukosa pa kulala, na hofu hiyo ni ya kweli. Lakini sifa ya ukweli uliyoijenga tangu utotoni si mali yake aitumie. Tena haitamfaa. Hata ungeapa kwamba Bibi alimwachia nyumba kwa wosia, mrithi haachiwi mali kwa wosia mpaka warithi wenzake waridhie, na Mjomba wako haridhii. Ungebeba kiapo cha uongo na nyumba mkaikosa.

Na wewe nikukanye. Ugonjwa wa kujifanya ni uongo uliovaa shuka. Mamako ataomba kesi iahirishwe, nawe utaugua tena?

Unauliza kwa nini mambo haya yamezidi. Watu wa zamani hawakuwa malaika. Kaka alikuwa akitoka kwao anaingia kwa mkewe, ana pa kulala, hana haja ya kumuuliza dada yake kitu. Nyumba zenyewe hazikuwa na mnunuzi. Leo vijana wanaoa kokote, na hilo si kosa la Bi Kerubo, kodi inapanda, na nyumba iliyokuwa ikivuja ina watu wanaoigombania. Sisi bado tunaona kuzungumzia urithi ni utovu wa adabu. Ukimuuliza mzee hii umempa nani, unaambiwa unamwombea mauti. Mzee anaondoka, na kila aliyebaki ana kumbukumbu yake.

Basi fanya hivi. Ongea na mamako wiki hii, kabla ya kesi, mkiwa wawili. Mwambie hutasema usichokisikia. Kisha mwambie akawatafute kina mama waliokuwepo harusini kwake. Kama Bibi alimpa nyumba siku ile, akatamka, naye akapokea na kukabidhiwa, wao ndio mashahidi, na Kadhi atapima. Kama hakuna aliyesikia, asikimbilie kukata tamaa. Nyumba ya mawe ina orofa. Amwombe Kadhi awakalishe wapatane: Mjomba ahamie juu na watoto wake, aache kulipa kodi Langoni, na mnunuzi akija aambiwe hakuna kinachouzwa. Mjomba wako naye alifanya pupa kwenda mahakamani kabla hajamtuma mtu mzima wa kuzungumza.

Huwaida mfuate tena. Usimtetee mamako wala usimlaumu babake. Kaa karibu naye hata kama hana la kukwambia.

Mamako atakasirika, na kwa siku chache nyumba itazidi ukimya. Akikuuliza uko upande gani, mwambie uko naye, popote mtakapolala, ila si katika maneno hayo ya uongo.