Gari Lililokunywa Dizeli Kwenye Baridi ya Makambako

Baba Zuhura, mume wangu,

Leo mwanao amenichekesha mpaka mbavu zinauma. Amekuja kutoka Uyole, hata hajakaa, ameanza: "Mama, gari langu linakula mafuta, naliuza!" Nikamwambia ngoja kwanza nimwandikie baba yako. Wengine wakitaka kusoma na wasome, sina siri.

Unalikumbuka lile letu la dizeli, linalovuta kwa magurudumu yote manne? Miaka ya hamsini ilikuwa inaishia, na hapa Mbeya ulijiona sultani. Lakini likanywa, jamani! Ulijaza madebe ya akiba nyuma, majora yako ya kanga yakashika harufu, wateja wako wa soko la Mwanjelwa wakawa wanayanusa kabla ya kununua. Ulibadilisha chujio, ukakaza kila bomba, ukalaumu kila mtu, hata mimi na unene wangu.

Mwisho ukasema unaliuza Iringa, kisha tunarudi kwenu Tanga. "Tunarudi!" Mimi Tanga nilikuwa sijafika hata siku moja. Mimi Msafwa, mama yangu alikuwa mlimani hapa Mbeya, mgonjwa, na hakuwa na mwingine wa kumchotea maji. Sikukwambia kitu. Nilifunga mizigo nikapanda, huku nikijua gari likiuzwa tu, mama nimemwacha.

Makambako ukasimama kuongeza mafuta ya debe. Upepo wa pale unaujua. Nikafanya kama tufanyavyo watu wa milimani lori likisimama: nikakimbilia boneti, nikaweka viganja juu yake niote moto. Nikangoja joto. Wapi! Vuguvugu tu, na tumetoka kupanda mlima na mzigo.

"Baba Zuhura, njoo uguse. Injini yako ina baridi."

"Mama Zuhura, hili gari, siyo jiko."

"Na sufuria isiyochemka haimalizi kuni?"

Ukaja ukagusa, ukajishika kichwa. Kumbe kwenu Tanga, gari likifika tu, fundi anatoa kile kidude kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto. Pwani joto tele, wanaogopa injini kuchemka. Nawe siku ya kwanza kabisa ulikitoa kwa mikono yako mwenyewe, ukakitupa kwenye kopo la misumari nyumbani! Katika baridi yetu maji yakawa yanaipoza injini kutwa, nayo inakunywa dizeli bila kushiba. Nilikucheka, nawe hukukasirika, na hilo peke yake lilikuwa la ajabu.

Tukafunga gunia mbele ya rejeta, nusu yake, kuzuia upepo. Ukatumbukiza kijiti kwenye tangi, ukakikata alama kwa kisu pale mafuta yalipofikia, ukakata na nyingine chini yake: hapa ndipo yangeshuka kwa ulaji wa zamani. Njia nzima niliomba Mungu, wewe ukidhani nasinzia. Tulipopita Mafinga ulianza kuimba, na sauti yako hiyo! Iringa ukazamisha kijiti tena. Ukakitazama, ukakifuta kwa shati, ukazamisha mara ya pili. Mafuta yalikuwa juu sana ya ile alama ya chini. Ukapiga yowe, mtu mzima, ukanishika mikono tukazunguka barabarani, Waislamu na Wakristo wote wakitutazama. Sijawahi kufurahi vile tena.

Mnunuzi alikuwa amesimama pale pale anangoja. Ukamwambia, "Samahani ndugu yangu, haliuzwi. Mwenyewe kakataa."

"Mwenyewe si wewe?"

Ukaninyooshea kidole. Nami sikuwa nimesema neno la kukataa.

Sasa nimezeeka, Baba Zuhura, na mwanao ananiuliza kwa nini nalia na kucheka kwa pamoja. Nimemwambia akaguse boneti kwanza. Lingine sikumwambia, nakwambia wewe. Mama nilimuuguza miaka minne mpaka akafumba macho mkononi mwangu, na katika miaka yote hiyo hukuitaja Tanga hata mara moja. Nilidhani umeisahau. Juzi tu dada yako kaniletea barua ulizomwandikia wakati ule. Kila moja ulimuuliza bahari ikoje, na kila moja ulimwomba asinionyeshe.

Pumzika kwa amani huko kaburini, mume wangu. Asante nimeichelewesha, ipokee hivyo hivyo.

Mkeo,
Mama Zuhura