Siku Niliyotia Saini Ripoti ya Jana

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Nipo kwa mama, kijijini, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Jua limewaka tangu asubuhi, mvua bado inasuasua, vumbi la njiani nalisikia mpaka kwenye meno. Mwili mzito. Moyo nao sijui niuite nini.

Naandika kwa sababu leo nimesema jambo ambalo nimelificha muda mrefu, na naogopa kesho nitajifanya sikulisema.

Kwa usiyenijua: naitwa Minza, ni mhandisi kwenye mgodi mmoja huko Geita. Kazi yangu ni kuangalia kuta za shimo zisije zikawaporomokea watu. Kila asubuhi nasoma vipimo, naona kama kuna ukuta uliosogea, naandika ripoti na kutia saini. Nikishasaini, watu wanashuka. Shuleni nilikuwa wa kwanza tangu darasa la tatu. Kanisani kwetu nikitajwa, wazazi huwageukia watoto wao wakawanong'oneza.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumanne, nilitia saini ripoti ya jana yake.

Haikuwa bahati mbaya. Nataka niliandike hili bila kulipamba. Nilikuwa na miezi silali vizuri. Asubuhi ile nilikaa mbele ya kompyuta, nikasoma mstari mmoja mara tano, hauingii. Watu wa zamu wameshavaa kofia, wananingoja mimi. Nikachukua ripoti ya Jumatatu, nikabadilisha tarehe, nikasaini.

Aliyegundua ni Masanja, fundi wetu wa vipimo. Ni mdogo kwangu kwa umri na kwa cheo. Aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango kwanza.

"Dada Minza, hizi ni namba za jana."

"Najua," nikamjibu.

Akanitazama kama vile hajanisikia. Kisha akasema, "Ukuta wa mashariki umesogea. Siyo sana, lakini umesogea."

Tulikimbia wote wawili. Watu walikuwa bado juu, hawajaanza kushuka, tukawazuia. Hakuna aliyeumia. Ukuta haukuanguka siku ile, wala baada yake. Lakini mimi nimeuona ukianguka kila siku tangu hapo, nikiwa naoga, nikiwa nakula, nikiwa nimesimama foleni dukani.

Masanja aliniambia hatamwambia mtu. Alisema kwa nia njema kabisa. Mimi mwenyewe nilikwenda kwa bosi, na wala haukuwa ujasiri. Nilijua tu kwamba nikinyamaza, nitarudia.

Bosi alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa sasa hutasaini," akasema. "Nenda kamwone mtaalamu wa afya ya akili. Ukirudi tutazungumza."

Afya ya akili! Niliyapokea kama tusi. Huku kwetu maneno hayo ni ya yule anayetembea barabarani akiongea peke yake, siyo ya mtu mwenye shahada na gari la kazini.

Nikachagua kwenda Shinyanga ili mtu wa Geita asinione.

Mwanasaikolojia mwenyewe ni mama wa makamo, ana chumba kidogo ndani ya zahanati. Leo asubuhi niliingia kwake na karatasi niliyoiandaa vizuri: nilianza kuchoka lini, nalala saa ngapi, sababu zake, na mapendekezo yangu. Ndiyo, nilimwandikia mapendekezo. Nikaongea robo saa bila kukwama. Nilipomaliza nikajikuta nangoja anisifu.

Aliniangalia kwa upole. "Umeeleza vizuri sana, Minza, kama unamzungumzia mtu mwingine. Huyo mtu akiogopa, huwa anakwenda kwa nani?"

Nikatafuta jina. Nikawapitia wadogo zangu, rafiki zangu wa chuo, wenzangu wa kazini. Wote hao wakiogopa huja kwangu.

Nililia. Sikuwahi kulia mbele ya mtu tangu tulipomzika baba.

Hakuniahidi kitu. Aliningoja nimalize, akasema kazi yetu itachukua muda, akanipangia nirudi Alhamisi.

Natoka tu mlangoni, namkuta Mama Kulwa, jirani wa mama yangu, amekaa kwenye benchi. Macho yangu mekundu, pa kuyaficha hakuna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umemleta nani? Nani anaumwa?"

"Mimi," nikasema. Sijui lilitokaje.

Nikajua habari itafika nyumbani kabla ya jioni. Nikawasha gari, nikaja moja kwa moja.

Mama alikuwa barazani anachambua dengu kwenye ungo. "Mwadila, mayu," nikamsalimu kikwetu, nikakaa naye mkekani. Nikamweleza yote kwa Kisukuma, maana kwa Kiswahili ningeanza tena kutoa ripoti. Sikuwa na neno la kitaalamu hata moja. Nikamwambia moyo wangu umechoka, na unaogopa, na nusura niue watu.

Nilitegemea aseme kuna mtu ananionea kijicho. Aliuweka ungo chini.

"Baba yako alikuwa hivyo mwaka ule ng'ombe walipokufa," akasema. "Masika nzima hakuongea. Tukasema amelogwa, tukazunguka naye kwa waganga. Hakuna aliyemuuliza anaogopa nini. Hata mimi mkewe sikumuuliza."

Mimi nilikuwa mdogo. Niliambiwa baba anapumzika.

Mama hakuniangalia usoni alipoongeza, "Na wewe nimekuwa nikiwaambia watu, Minza wangu hachoki. Nilikuwa najisikia raha kusema hivyo."

Nilichukua ungo, tukachambua dengu pamoja mpaka zikaisha.

Ndipo akauliza, "Unarudi lini kwa huyo mama?"

"Alhamisi."

"Tutakwenda wote. Wewe utaingia, mimi nitakaa nje nikungoje."

Nilishafungua mdomo kumwambia asijisumbue, najiweza. Nimelisema neno hilo maisha yangu yote, linatoka lenyewe.

Nikasema, "Haya, mayu."

Sijui kama watanirudishia saini yangu. Kuna saa sijui hata kama naitaka. Hayo nitayajua huko mbele. Kwa leo naijua Alhamisi tu, na namjua atakayekuwa nje ya mlango.