Mara ya Tatu ya Salma

Jumatano

Nimeituma. Saa mbili na nusu asubuhi, kama kila siku, orodha ya mahudhurio imefika ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mimi ndiye kiongozi wa darasa. Salma nimemwandika hayupo.

Ni mara yake ya tatu. Zikifika tatu, ufadhili unafutwa na viza inakwenda nao.

Alikuwa soko la Zhanxi, akimtafsiria Kichina mfanyabiashara wa viatu. Najua, tunalala chumba kimoja. Nilimwona akivaa, nikachukua orodha nikaenda darasani.

Jioni amerudi na sambusa. "Dada, ushakula? Hizi zako, zina moto bado."

Sijamwambia. Nimekula zote, nikamwomba na pilipili.