Leso Usoni mwa Kadzo

Nimwaka Dzombo,
S.L.P. 58,
Ukunda.

21 Machi 1999

Mpendwa mdogo wangu Warda,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani huko Maskati? Shemeji Salim hajambo? Na mama mkwe wako, ule mguu umepata nafuu? Najua nakuuliza mengi kwa mkupuo, lakini ndivyo nilivyo, nawe umenizoea. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Joto limetukalia kichwani, masika bado hayajafunguka na kisima cha nyuma kimebaki tope. Lakini pumzi tunazo, basi tushukuru.

Mama yuko Msambweni. Macho yanamsumbua, ila ulimi hauna ugonjwa wowote. Juzi nilipokwenda kumtazama alinisema kuanzia mlangoni mpaka nilipoaga.

Mume wangu Matano bado hajaitwa kazini. Wageni walipopungua, hoteli nayo ikapunguza watunza bustani, naye akawa mmoja wao. Sasa analima bamia na mchicha hapa nyuma na hanung'uniki. Mimi ndiye ninayenung'unika kwa niaba yake.

Sasa kaa vizuri nikupe habari. Mimi Nimwaka, na mvi hizi, nimerudi shule! Usicheke. Si shule ya vitabu, maana vitabu tuliachana navyo darasa la sita. Ni darasa la urembo hapa Kona ya Musa, kwa mwalimu wa Kikamba aitwaye Bi Dianah. Mwanzo tulifunzwa poda na wanja wa maharusi. Siku hizi tumeingia katika kupaka nyuso rangi za kuchezea, maua, vipepeo, simba, vitu ambavyo watoto wa wageni huvipenda wakiwa hotelini. Bi Dianah alituambia kwamba atakayefaulu mtihani wa uso mzima atampeleka hoteli moja ya Diani msimu huu wa Pasaka, akapake watoto. Warda, kazi ile niliitaka. Kazi ya hina za harusi huja na kupotea, na mkono wangu umechoka kungoja kuitwa.

Siku ya kwanza ya kushika brashi nilijiona fundi. Si unakumbuka jinsi bibi alivyotufundisha hina, ikikauka tu unaigusia ndimu na sukari kwa pamba ili rangi ikolee? Basi nikamchukua Kadzo, yule binti mdogo wa jirani yetu Mwinga, aliyeng'oka meno ya mbele, nikampaka ua zuri shavuni. Likakauka. Nikatoa kichupa changu cha ndimu na sukari, nikagusa. Yaa Rabbi! Ua likateremka mpaka shingoni, ndimu ikaingia jichoni, mtoto akapiga ukelele, na nzi nao wakaja kwa sukari.

"Mathe!" akasema Musyoki, kijana wa bara tunayesoma naye. "Umempikia achari!"

Darasa zima lilikufa kwa kicheko. Bi Dianah hakucheka. Alikuja mbio na maji, akamwosha mtoto jicho, kisha akaniambia polepole, "Mama, hii si hina. Hii ni rangi ya maji, haikoleshwi."

Nilirudi nyumbani nimejifunika uso kwa buibui kama mwizi. Nikamwambia Matano nimeacha. Asubuhi yake Kadzo mwenyewe akaja, akasimama mlangoni. "Leo kuna ndimu?" Nikamwambia hakuna. "Haya, nipake." Ningefanyaje tena? Nikampaka.

Usimwambie Mama habari ya ndimu, tafadhali.

Basi nikajifunza. Sponji hulowekwa kidogo tu, si kama kitambaa cha kudeki. Rangi mbili zinagongwagongwa zinapokutana mpaka usione moja inaishia wapi. Brashi unaikandamiza kisha unaiinua taratibu, mstari unaanza mnene na unamalizikia kama mkia wa panya. Bi Dianah anauita mstari wa chozi. Na jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba ukikosea unafuta! Sisi tuliolelewa na hina, Warda, tumezoea kuzuia pumzi mpaka mkono wa bibi harusi umalizike.

Lakini hapo ndipo mtihani wangu ulipokuja, kabla ya ule wa mwalimu. Bi Dianah alitangaza kwamba kila mmoja atapaka chui. Moyo wangu ukakataa. Unajua katika hina hatukuwahi kuchora ndege wala samaki, ni majani na maua tu, kwa sababu bibi hakupenda tuchore chenye roho. Simhukumu anayechora. Ila mimi kila nikishika brashi nimchore chui, mkono ulikuwa mzito, na nikienda kusali namkuta yule chui kwenye mswala.

Nikamwendea Maalim Sharif wa madrasa, nikitumaini ataniambia ni halali nipumzike, au ni haramu nipumzike. Hakunipa hata moja. "Bi Nimwaka, wanazuoni wana maneno marefu hapo, na mimi ni mwalimu wa watoto. Lakini kama moyo hautulii, kwa nini uuburure? Mwambie mwalimu wako. Hatakumeza."

Nikamwambia Bi Dianah. Karibu animeze.

"Mama, mtoto akitaka simba utampa mchicha?"

"Wa Mzee Matano huo, ni mtamu!" akadakia Musyoki.

Bi Dianah akamnyamazisha. Kisha akaniambia kwamba chui alimchagua kwa ajili ya kazi iliyomo: sponji, rangi kuingiana, madoa, na pande mbili za uso kulingana. "Niletee kitu chenye kazi hiyo yote, na mtoto akijitazama afurahi. Lakini ukiniletea maua mawili ya shavuni, nakuangusha. Sitaangalia umri."

Nikajaribu majani ya hina uso mzima. Musyoki akamtazama Kadzo kwa huruma. "Pole, toto. Umepatwa na choa?" Nikafuta. Nikajaribu nyota, zikawa kama tetekuwanga. Siku zikawa zinakwisha. Usiseme namsifu mume, lakini Matano alikaa akinishikia kioo, akaacha bamia zake zikauke.

Jibu lilikuwa mapajani mwangu. Nilikuwa nimekaa barazani nikijizoeza mistari ya chozi nyuma ya mkono wangu, nimejifunga kanga moja ya pea yangu, leso nyekundu ya michoro ya korosho, ile yenye pindo nyeusi. Nikainamisha macho. Korosho ya leso ni chozi lililopinda! Nikaita, "Kadzo! Njoo mbio!"

Mtihani ulikuwa jana. Niliamka nikasali rakaa mbili za kuomba haja yangu, nikatoka na Kadzo. Wenzangu wote chui, mimi leso. Nikapiga nyekundu usoni kwa sponji, ikififia kuwa manjano mashavuni, nikaacha nafasi kandokando ya macho. Nikazungusha pindo nyeusi kuanzia kipaji mpaka kidevuni, na juu yake vitone vyeupe. Kisha korosho, moja huku, moja huku. Nilikuwa nimebakisha shavu la kushoto, Kadzo akapiga chafya. Brashi ikavuta mstari mpaka sikioni.

Warda, nikakumbuka kwamba hii si hina. Nikasema bismillahi, nikachukua kitambaa kibichi, nikafuta, nikapiga sponji upya, nikaendelea. Ni hivyo tu.

Kadzo alipopewa kioo alikishika kwa mikono miwili, akakisogeza puani. Akageuza uso huku, akaugeuza huku. Halafu akacheka na lile pengo lake.

Bi Dianah alimzunguka kama anayenunua ng'ombe. Akasema korosho za kushoto ni nono kuliko za kulia, na kwamba sponji naibonyeza kama nafua nguo. Kisha akasema, "Umepita, Mama." Nikaketi chini papo hapo.

Tutakwenda wawili, mimi na Musyoki, Jumamosi ya Pasaka, inshallah, Idi ikiwa imeshapita. Bi Dianah amesema tutapewa viti viwili pamoja. Mtoto akitaka simba nitampeleka kwa Musyoki, akitaka leso au ua akae kwangu. Sijui wangapi watataka leso, na kama hoteli wataniweka baada ya Pasaka. Hilo namwachia Mungu, na wewe niombee katika dua zako. Lakini naingia na mkono wangu mwepesi.

Ngoja nikumalizie. Tulipotoka darasani Kadzo alikataa katakata kunawa. Tukapita naye sokoni, akina mama wakaacha nyanya zao wakamzunguka. Mmoja akamshika kidevu, akaniuliza kwa makini kabisa leso hii imeingia lini na inauzwa duka gani. Kabla sijafungua mdomo, Kadzo akamjibu, "Haiuzwi. Iko moja tu, haina pea."

Nisalimie Shemeji Salim, na mama mkwe wako umwambie nauombea mguu wake. Mama, Matano na kaka Katana wanakusalimu sana. Kadzo naye kasema umjue. Mwenyezi Mungu akufunike kwa rehema zake, akurudishe kwetu siku moja ukiwa na afya na furaha.

Ni mimi dada yako nikupendaye, nisiyekusahau katika sala,

Nimwaka